Gitaa la Wes Montgomery: mbona sisikii kiitikio wala chemko?

*"Mwalimu, salaam. Mimi ni mstaafu wa reli hapa Tabora, nina miaka 67. Ujanani nilikuwa sikosi dansi la Tabora Jazz wala la Nyanyembe Jazz, na mpaka leo nikisikia gitaa la solo miguu haitulii. Mpwa wangu anayesoma Dar es Salaam ameniletea flashi yenye albamu ya Mmarekani Wes Montgomery, iliyopigwa kwenye klabu moja ya New York mwaka 1965. Anasema hiyo ndiyo jazi ya kweli na haijatokea albamu ya gitaa ya kuishinda. Nimeisikiliza kwenye simu mara nne. Mwimbaji hayupo, kiitikio hakipo, chemko haliji. Nasikia mtu anazurura na gitaa, na wenzake watatu kila mmoja na safari yake. Halafu vipande viwili vya mwanzo kuna watu wanapiga makofi, vitatu vya mwisho kimya kabisa: nakala imekatwa? Je, ina maana Tabora Jazz haikuwa jazi? Na nina hofu nyingine. Sikio langu la kushoto lina mlio kama wa nyenje tangu mwaka juzi. Isije ikawa muziki hauna kosa, mbovu ni masikio yangu."*

Shikamoo, mzee wangu. Umeuliza mambo manne, na la sikio ndilo lililonifanya nijibu leo badala ya kungoja zamu yako ifike. Nitalifikia. Kwanza nihakikishe nimekuelewa: unaogopa kwamba kuna kitu wenzako wanakisikia na wewe kinakupita, na mpwa wako ametonesha kidonda kwa kukwambia kuwa ulichokipenda ujanani hakikustahili hata jina lake.

Nianze na lililo jepesi. Nakala yako haikukatwa. Albamu hiyo inaitwa Smokin' at the Half Note, na jina lenyewe linapotosha kidogo. Vipande viwili vya kwanza, "No Blues" na "If You Could See Me Now", vilinaswa mbele ya watu Juni 1965 katika klabu ya Half Note, mtaa wa Hudson huko Manhattan, ukumbi wa familia ya Canterino ambako watu walikula chakula cha Kiitaliano huku muziki ukiendelea. Vitatu vilivyobaki vilirekodiwa Septemba 22 mwaka huohuo katika studio ya Rudy Van Gelder, Englewood Cliffs, jimbo la New Jersey. Hakuna makofi kwa sababu hapakuwa na wa kupiga makofi. Wapo watu wanaoisikiliza albamu hii miaka nenda rudi wakidhani yote ilipigwa klabuni. Wewe umegundua kwa mara nne tu, tena kwenye simu.

Sasa hili la jina. Miaka ile neno "jazz" huku kwetu lilimaanisha bendi ya dansi yenye magitaa na vyombo vya kupuliza, basi. Ndiyo maana tulikuwa na Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, Kiko Kids Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, na ng'ambo ya ziwa kule Kongo OK Jazz ya akina Franco, yule mpiga gitaa, tangu 1956. Hakuna aliyekuwa akiiga New York. Muziki wenyewe ulitoka kwenye rumba, kwenye santuri za Kuba, na kwenye ngoma za hapahapa. Tabora Jazz walikuwa na mtindo wao, Segere Matata, na anayetaka kuupima kwa mizani ya Wes Montgomery amechukua pishi akapimia kitambaa. Mpwa wako hajakosea kusema kwamba ni muziki tofauti. Amekosea kuuita mmoja wa kweli na mwingine wa uongo. Mimi nimepiga gitaa la ridhimu kwenye dansi kwa miaka mingi, nimefundisha jazi kwa miaka mingi vilevile, na sijawahi kuona haja ya kuuacha mmoja ili niupende wa pili.

Tuje kwenye kuzurura. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye swali lenyewe.

Wewe umezoea wimbo wenye sehemu mbili. Kwanza mwimbaji anatoa kisa chake, polepole, na kiitikio kinarudi. Halafu bendi inabadilika, gitaa la ridhimu linashika kipande kifupi na kukirudiarudia, solo linapanda juu, na watu wote wanainuka: chemko. Ukisikiliza "No Blues" unangoja kisa kwanza, na kisa hakiji. Hakiji kwa sababu hawa watu wameingia moja kwa moja kwenye chemko. Mwanzoni kabisa wanapiga tuni fupi ya kutambulisha wimbo, na mwishoni wataipiga tena. Katikati, dakika zote zile, ni mpiga solo mmoja baada ya mwingine akibuni papo kwa papo juu ya mzunguko uleule wa kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Kuna tofauti moja kubwa na chemko letu, na nadhani ndiyo iliyokuchosha. Mpiga solo wa dansi akipata kipande kitamu hukishikilia, hukirudia mpaka wachezaji walewe nacho. Utamu uko kwenye kushikilia. Mpiga jazi akikipata hukipiga mara mbili au tatu, akakigeuza, akakijibu, akakiacha. Kwa sikio la dansi anaonekana hana msimamo, kila ukitaka kucheza keshahama.

Lakini hazururi. Mzunguko wa "No Blues" una hesabu 12, na kila hesabu ina mapigo manne. Jumla mapigo 48, kisha unaanza upya, na unaanza upya bila kukosea hata pigo moja kwa zaidi ya dakika kumi. Wewe ni mtu wa reli, kwa hiyo chukua hivi. Hesabu nne za kwanza treni iko kituoni Tabora, mabehewa yanasogezwasogezwa tu. Hesabu ya tano na ya sita imekwenda Usoke. Ya saba na ya nane imerudi Tabora. Ya tisa na ya kumi imekwenda mbali zaidi, tuseme Urambo, na hapo utasikia muziki umekaza, unatamani kurudi. Ya kumi na moja na ya kumi na mbili imefika nyumbani. Mpiga solo anaweza kusimama dirishani, anaweza kutembea kutoka behewa hadi behewa, anaweza kupiga kelele. Treni haitoki kwenye reli. Kila kituo ni kodi, na wapiga magitaa wa dansi wanazijua kodi hizo kwa namba: Tabora ni ya kwanza, Usoke ya nne, Urambo ya tano. Wes ameongeza madoido juu yake, lakini nguzo ni hizohizo.

Utauliza, kama ni rahisi hivyo, mbona hukuisikia? Kwa sababu, mzee wangu, umesikiliza treni isiyo na injini. Injini ya bendi hii ni Paul Chambers na besi lake kubwa la mti, lile linalosimama wima kumpita mtoto. Anapiga sauti moja kwa kila pigo, nne kwa kila hesabu, hatua kwa hatua kama mpagazi wa Kinyamwezi aliyejua pumzi zake zitatosha mpaka pwani. Yeye ndiye anayekwambia treni iko Tabora au Usoke. Sasa uzi mnene wa besi hilo hutikisika kama mara 41 kwa sekunde. Ili mtikisiko mzito namna hiyo ufike sikioni lazima spika isukume hewa nyingi, na spika ya simu ni ndogo kuliko ukucha wa gumba. Haiwezi. Inakupa kivuli cha juu cha sauti na kuuacha mwili wake. Kwa hiyo kwenye simu yako walikuwepo watu watatu badala ya wanne, na aliyekosekana ndiye aliyewaunganisha. Ndiyo maana ulisikia kila mmoja na safari yake. Hata angekuwa mpwa wako na digrii zake, kwenye simu ile angesikia hivyohivyo.

Kuna jambo jingine kuhusu besi hilo. Besi la dansi huruka: linapiga tatu, linaacha pengo, linarudi. Pengo ndilo linalovuta kiuno. Besi la jazi ya namna hii haliachi pengo, linatembea tu, na sikio lililozoea mapengo hulichukulia kama mngurumo wa nyuma. Lazima ulitafute kwa makusudi. Mara ya kwanza usimsikilize Wes kabisa. Najua ni ajabu kukwambia usimsikilize mwenye jina kwenye jalada, lakini fanya hivyo: mfuate Chambers peke yake, ukihesabu nne, nne, nne kwa kidole mezani, mpaka useme "hapa tumerudi" bila kutazama popote. Ukiweza mara tatu mfululizo, umemaliza kazi ngumu.

Kisha ongeza Jimmy Cobb kwenye drams. Sahau ngoma zenyewe, sikiliza toazi kubwa linalolia ting, ting-ti-ting, na lile dogo la mguuni linalofunga "chk" kwenye pigo la pili na la nne. Ukitaka kupiga makofi, piga hapo, kwenye pili na nne, si kwenye moja na tatu. Kisha Wynton Kelly kwenye piano. Wes anapopiga, Kelly hapigi mfululizo. Anatia kodi fupi kwenye nafasi ambazo Wes ameziacha, kama mtu anayesimuliwa habari akaitikia "naam", "ehee", "ikawaje?". Msimuliaji asiyeitikiwa hupoa. Chambers, Kelly na Cobb walikuwa wamekaa pamoja kwenye bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis kuanzia 1959 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hiyo "No Blues" ni tuni ya Miles ambayo wao watatu walikwisha kuirekodi naye mwaka 1961, ikiwa na jina jingine. Walikuwa wameizoea kiasi kwamba waliweza kumpa mgeni wao masikio yote.

Na sasa Wes mwenyewe. Alizaliwa Indianapolis mwaka 1923. Hakusoma nota. Alijifunza kwa kunakili solo za mpiga gitaa Charlie Christian kutoka kwenye santuri, sauti baada ya sauti, kama vile wapiga gitaa wetu wengi walivyojifunza kwa kutega sikio redioni. Kwa miaka mingi alishinda kiwandani mchana na kupiga klabuni usiku. Mwenyewe alieleza kwamba aliacha kijipande cha plastiki cha kupigia nyuzi akaanza kutumia kidole gumba kwa sababu majirani walilalamikia kelele. Kijipande cha plastiki kikigusa uzi kuna mlio mdogo mkali mwanzoni, "tk". Nyama ya gumba haina mlio huo, kwa hiyo sauti inaanza laini kama inatoka kooni mwa mtu. Ulisema hukusikia mwimbaji. Jaribu kulisikiliza gumba hilo kama mwimbaji.

Solo lake kwenye "No Blues" linapanda ngazi tatu, na ukishazijua hutapotea. Kwanza anapiga uzi mmoja mmoja, mizunguko kadhaa, hana haraka. Kisha anahamia kwenye okteva: nyuzi mbili kwa pamoja zenye sauti ileile, moja chini na moja juu, huku uzi ulio katikati ukizibwa kwa nyama ya kidole cha mkono wa kushoto ili usilie. Utasikia gitaa limenenepa ghafla, kama watu wawili wanaimba sauti moja, mzee na kijana. Wapiga gitaa wengine walikuwa wakifanya hivyo kwa sekunde mbili tatu, kama kitoweo. Yeye alikimbia nazo mizunguko mizima kwa kasi ambayo hata leo ukimwambia mwanafunzi ajaribu, mkono unamkakamaa. Ngazi ya tatu ni kodi nzimanzima, nyuzi tatu au nne kwa pigo, na hapo gitaa moja limekuwa bendi ya mapulizo. Hilo ndilo chemko lako, mzee wangu. Halikuja kwa besi kubadilika wala kwa mtu kupaza sauti. Limekuja kwa gitaa kuongeza watu ndani yake.

Kama hata baada ya hapo "No Blues" haikukubali, nenda kipande cha "Four on Six". Kinaanza kwa kipande cha besi kinachorudiwa, na sikio la dansi hukishika haraka. "If You Could See Me Now" ni wimbo wa mapenzi wa polepole alioutunga Tadd Dameron, na mimi naliona solo lililomo kuwa zuri kuliko yote aliyowahi kurekodi Wes. Hata hivyo usianze nalo. Mapigo yameachana mno, utapotea njiani.

Kuhusu ile kauli kwamba haijatokea ya kuishinda: mpiga gitaa Pat Metheny aliwahi kusema hii ndiyo albamu kubwa kuliko zote za gitaa la jazi, na wengi wanamfuata. Ni kauli ya mtu aliyejifunzia kazi yake hapo, na naiheshimu kwa sababu hiyo. Si kipimo cha hakimu. Ukiisikiliza vizuri mara kumi na bado moyo ukaenda kwa Nyanyembe Jazz, hujakosea chochote.

Kuhusu cha kusikilizia: sabufa uliyo nayo sebuleni, hata ya bei ya sokoni, itakupa besi ambalo simu haiwezi kukupa. Usilivimbishe besi kupita kiasi, maana litageuka mngurumo usio na sauti maalumu. Hedifoni nzuri zinaonyesha mengi zaidi, lakini kwa hali ya sikio lako sizipendekezi mpaka uonwe, na zikitumika ziwe za sauti ya chini. Zipo pia filamu za televisheni za mwaka huohuo wa 1965, alipokuwa Ulaya, zilizopigwa Uholanzi, Ubelgiji na Uingereza. Mtafutie mpwa wako kazi hiyo, azipakue. Utaliona gumba likifanya kazi, na utauona uso wa mtu anayetabasamu huku akipiga vitu vigumu. Jua tu kwamba waliompigia huko si Kelly, Chambers na Cobb, kwa hiyo usizitumie kuhukumu bendi ya Half Note. Na akikuletea rekodi za Half Note zenye tarumbeta na mapulizo mengi nyuma, hayo hayakuwepo ukumbini. Yaliongezwa baada ya Wes kufariki, Juni 1968, akiwa na miaka 45.

Sasa sikio. Mimi ni mwalimu wa muziki, si tabibu, ila mlio wa sikio naujua kwa sababu miaka ya kusimama karibu na matoazi imeniachia wangu. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi penye injini, honi na nyundo mara nyingi hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu: matoazi, herufi "s" na "f", sauti za watoto. Mlio huja pamoja na hali hiyo. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba toazi la Cobb unalisikia hafifu kuliko nilisikiavyo mimi. Lakini kelele za kazini kwa kawaida huumiza masikio yote mawili. Mlio wa upande mmoja tu, tena wa miaka miwili, haufai kukisiwa kwa barua. Inaweza kuwa nta tu, inaweza kuwa ugonjwa wa sikio la kati, na mara chache huwa ni jambo la kwenye mshipa wa fahamu linalohitaji kuonekana mapema. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete, waombe wakuangalie ndani ya sikio, na uulize kuhusu kupimwa usikivu na kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo, hata kama itabidi wakuandikie rufaa ya mji mwingine. Mweleze kazi uliyofanya, na dawa zote ulizotumia miaka hii, hasa kwinini, aspirini kwa wingi, au sindano za kuua vijidudu, maana baadhi yake huleta mlio. Usitie asali, mafuta ya moto wala njiti. Na ikitokea sikio limeziba ghafla ndani ya siku moja au mbili, au ukapata kizunguzungu cha dunia kuzunguka, usaha, au upande wa uso kulegea, usingoje miadi. Nenda siku hiyohiyo.

Jambo moja siwezi kulifanya kwa maandishi, nalo ni kukupigia. Hapa mjini hakukosekani mpiga gitaa wa kwaya au wa bendi anayejua kodi ya kwanza, ya nne na ya tano. Mwombe akae nawe nusu saa chini ya mwembe, apige mzunguko wa hesabu 12 taratibu, tena na tena, huku wewe ukiimba chochote kinachokujia juu yake, hata maneno ya wimbo wa zamani wa dansi. Utaona maneno yanakaa, na utaona pale kwenye hesabu ya tisa sauti yako yenyewe inataka kupanda.

Mpwa wako akija likizo, muwekee "No Blues" kwenye sabufa na umuulize Wes amezunguka mara ngapi kabla ya kuingia kwenye okteva. Naye asipojua, mhesabie. Kisha muwekee Tabora Jazz, wimbo wowote uupendao, chemko likishaingia, na umuulize gitaa la pili linafanya nini chini ya solo. Mpe muda ajibu.